Dalali Aliyekamua King'amuzi

Ukimsalimia, alikupa mkono kutoka ndani ya shali. Hata siku ambazo jua la Isiolo lilichoma mpaka mbuzi wakakataa kutembea, shali ile ya kijivu ilikuwa begani mwake, na ncha yake imeufunika mkono wa kulia hadi kwenye vidole. Wageni walidhani ana kidonda. Sisi majirani tulijua kwamba mkono ule ndio mdomo wake.

Alikuwa dalali wa ng'ombe na ngamia katika soko la mifugo kwa miaka mingi, kabla magoti hayajamkatalia. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto walimwita Dalali, mama yangu alimwita Mzee Dalali, na mkewe akiwa mbele ya wageni alisema "huyu Dalali", kana kwamba ni mtu aliyepita tu kuuza kitu. Wakiwa wawili alimwita Jarsa, yaani mzee kwa Kiborana. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa mabati yenye matundu, kwa hiyo nilisikia majina yote mawili.

Kazi yake aliifanya kimya. Kwa madalali wa zamani, bei haipigiwi kelele mbele ya watu. Muuzaji na mnunuzi wanaingiza mikono chini ya kitambaa, na vidole vinazungumza. Kushika kidole kimoja ni neno, kushika viwili ni neno lingine, kukuna kiganja ni kukataa. Wakikubaliana, mmoja anaukamata mkono mzima wa mwenzake na kuutikisa mara moja kwa nguvu. Hapo biashara imefungwa na hakuna wa kuifungua. Anayesimama kando haoni kitu ila nyuso mbili zinazomtazama ng'ombe.

Mimi maneno hunikwama. Nilikuwa nasukuma mkokoteni wa maji mtaani, na kazi ile ilinifaa, kwa sababu mtu mwenye kiu hahitaji kubembelezwa. Wengine waliuliza kama mimi ni bubu. Dalali hakuuliza. Siku ya kwanza nilipofika mlangoni kwake aliuvuta mkono wangu chini ya shali, akanibana vidole viwili, akanitazama. Madumu mawili. Nami nikambana viwili.

"Huyu angekuwa dalali mzuri," alimwambia mkewe. "Mdomo wake umefungwa kama kibuyu cha maziwa."

Mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Akko, yaani bibi, alicheka. Kicheko cha Akko kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikaruka mabati, na mama yangu naye akaanza kucheka jikoni kwetu bila kujua sababu. Nilipeleka maji katika nyumba nyingi, lakini nyumba ile niliipenda kwa kicheko kile.

Dalali alikuwa na misemo michache, na aliitumia kwa kila kitu, kana kwamba dunia yote ni boma la mifugo. Mama aliponunua viatu vya kung'aa vikaachama kwenye tope la kwanza, alimwambia juu ya mabati, "Mama, usinunue pembe. Nunua kiwele." Pembe ni za kutazamwa, kiwele ndicho kinachotoa maziwa. Msemo mwingine ulikuwa, "Mnyama haulizwi jina, anaulizwa maji." Ukijua anakunywa wapi, umejua anatoka wapi na ana nguvu gani. Kijana mmoja mwenye simu mbili alipokuja kumposa mjukuu wake, Dalali hakumuuliza kabila wala kazi.

"Unakunywa maji ya wapi?"

"Ya chupa, mzee," kijana akajibu.

Posa ile haikufika mbali.

Alikuwa pia na mafundo mawili. Fundo la fahali halifunguliwi, hukatwa. Fundo la ndama huvutwa ncha moja tu likaachia, kwa sababu ndama anafungwa karibu na mama yake wakati wa kukamua, na zamu yake ya kunyonya ikifika lazima aachiliwe upesi. Nyumbani kwake kila kitu kilifungwa kwa fundo la fahali: lango, godoro la wageni, hata mfuko wa sukari. Akko alikuwa akitafuta kisu kila akitaka kupika chai.

"Nimeolewa na mtu anayefunga sukari kama itatoroka!" alipiga kelele.

"Kwani haijawahi kutoroka?" Dalali alimjibu. "Mwezi uliopita ilitorokea kwa dada yako."

Na runinga hakuipenda kabisa. "Runinga ni mgeni asiyejua kuondoka," alisema. Kwenye hoteli ya chai mjini alikaa akiipa mgongo, akitazama barabara, na mtu akishangilia bao alitikisa kichwa kwa huruma.

Kwa hiyo sikuamini siku aliponisimamisha langoni na mkokoteni wangu, akaniambia anataka picha ndani ya nyumba.

Sababu ilikuwa Akko. Alikuwa ameteleza kwenye kizingiti akaumia nyonga. Kabla ya hapo, kila alasiri alivuka mji kwenda kwa dada yake kutazama tamthilia, na kazi yao wawili ilikuwa kuwasengenya waigizaji kana kwamba ni majirani. Baada ya kuanguka, kitanda chake kilisogezwa karibu na dirisha na akabaki pale. Hakulia, hakulalamika. Alinyamaza tu. Kicheko kikaisha. Mama alisema nyumba ile imekuwa kama redio iliyokufa betri.

"Nimemtafutia daktari, nimemtafutia dawa ya kienyeji, nimemtafutia supu," Dalali aliniambia. "Mguu unapona polepole. Lakini yeye mwenyewe haponi. Kijana, mimi sijui kuongea na mwanamke aliyenyamaza. Ile sauti yake nataka irudi."

"Lakini mzee, wewe hupendi runinga."

"Kwani nimesema ni yangu?"

Dada ya Akko alikuwa amenunua runinga mpya, nyembamba kama sinia, akawapa ile ya zamani yenye kisogo. Tuliileta kwa mkokoteni. Sasa ilibaki kutafuta cha kuiletea picha, na hapo ndipo yule mtu wa "usinunue pembe" alipokwenda kununua pembe.

Mpangaji mmoja aliyekuwa akihama alikuwa anauza dishi. Dalali alilizunguka, akaligonga kwa fimbo, likalia kama kengele ya shule. Lilikuwa pana kuliko mlango wao. "Hili ni fahali," aliniambia, macho yakimng'aa. Akabana mkono wa yule mpangaji chini ya shali, na jioni ile dishi likaingia uani. Fundi wa mtaa alipokuja alilitazama, akatukagua sisi wawili, akauliza king'amuzi kiko wapi.

"Kwani hili halitoshi?" Dalali akauliza.

"Mzee, hii inaangalia juu kwa setilaiti. Na king'amuzi chake ni ya kulipia kila mwezi. Usipolipa, unaona giza. Kama unataka chaneli za bure, hizo zinatoka kwa mlingoti huko milimani, na unazishika na antena, si dishi."

Kisha Akko, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema kutoka dirishani, "Jarsa, umenunua pembe."

Hakucheka. Lakini nilimwona Dalali akigeuka upesi, kama mtu aliyesikia ng'ombe wake aliyepotea akilia mbali.

Dishi likapandishwa juu ya banda la mbuzi na kuanikiwa nyirinyiri, vipande vya nyama ya kukaushwa, na kunguru wa mtaa wote wakapata runinga yao. Sisi tukaenda dukani mjini.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mcheshi, kutoka upande wa Meru, na duka lake lilijaa waya hadi darini. Dalali alisema salaam aleikum, akaingiza mkono wa yule bwana chini ya shali, akaanza kazi. Mwenye duka alidhani anasalimiwa. Akatabasamu. Dalali akambana kidole kimoja. Akaendelea kutabasamu. Dalali akakuna kiganja. Yule bwana akaruka.

"Mzee, unanitekenya!"

"Nakwambia nimekataa."

"Umekataa nini? Sijakwambia bei!"

"Ndiyo maana nimekataa mapema."

Wateja walicheka, na mimi nikajificha nyuma ya mafeni. Mwenye duka aliomba waongee kwa mdomo, na Dalali akakubali kwa shida, kama mtu aliyeambiwa avue viatu hadharani. Lakini alipoanza kuuliza, duka lilitulia, maana aliuliza kama yuko sokoni.

King'amuzi cha kwanza alichoonyeshwa kilikuwa kizuri, cheusi, chenye nafasi ya kadi.

"Hii kadi ni ya nini?"

"Ya kulipia, mzee. Kila mwezi."

"Ninunue ng'ombe, halafu kila mwezi ninunue ruhusa ya kumkamua?" Akakisukuma kando kwa ncha ya fimbo. "Nionyeshe ambaye nikimlipia leo, ni wangu."

Akaletewa kingine, kidogo, kisicho na kadi. Mwenye duka akaeleza kwamba hicho kinashika chaneli za bure tu, na kwamba kama runinga yetu ingekuwa ya kisasa, yenye king'amuzi ndani yake, tungenunua antena peke yake. Lakini hii ya kisogo haiwezi bila kisanduku.

"Anakunywa wapi?" Dalali akauliza.

"Nani?"

Nikalazimika kufungua mdomo. "Anauliza mawimbi yake yanatoka wapi."

"Aa! Kwa mlingoti, upande wa milima. Kama antena inaona huko, itakunywa vizuri."

Dalali akaridhika na jibu hilo. Baada ya hapo akataka kukamua. Kwake ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa maneno ya mwenyewe. Unachuchumaa, unamkamua kwa mkono wako, unaona. Mwenye duka alikuwa na antena ndogo ya kuweka juu ya runinga, akaisifu sana, akaiunganisha. Picha ilikuja na madoadoa, kila mtu akiwa na pua mbili. "Hiyo imekausha maziwa," Dalali akasema. Akaonyesha antena ndefu ya nje iliyokuwa imening'inizwa ukutani, yenye vyuma vilivyopangwa kama mbavu. "Huyo amekonda, lakini ana mbavu. Mtoe nje." Ikatolewa barabarani, kijana wa duka akaishika juu ya kichwa chake, na picha ikatulia kama maji ndani ya sufuria. Mtangazaji akaonekana hadi vifungo vya koti. Dalali alisogea karibu na kioo, akatazama masikio, akatazama meno.

"Huyu ni mzima," akasema.

Nilikuwa nje nikifunga antena kwenye mkokoteni walipomaliza biashara, kwa hiyo sikuona kilichotokea mwishoni. Nilimwona tu akitoka na boksi kwapani, mwenye furaha ya mtu aliyetenda haki.

Nyumbani tulisimamisha mlingoti wa mti nje ya dirisha. Kitanda cha Akko kilikuwa kimegeuzwa, miguu yake ikielekea runinga na kichwa kikiwa upande wa dirisha. Tukafungua boksi, tukachomeka vyote, tukawasha. Kioo kikawa cha buluu. Nikatafuta waya wa kutoka kwenye antena hadi kwenye king'amuzi. Haukuwamo. Nikatazama kwenye mkokoteni, chini ya kitanda, ndani ya boksi tena. Akko alikuwa anatutazama kimya, na Dalali alikuwa anamtazama Akko.

Hapo bodaboda ikasimama langoni, na mwenye duka mwenyewe akashuka, jasho likimtoka, na waya mrefu mweusi umezungushwa begani.

"Mzee, umesahau waya!"

"Sikusahau," Dalali akajibu, akijinyoosha. "Nilikuachia kamba yako."

"Kamba gani?"

"Mnyama akinunuliwa, kamba ya mwenyewe inarudi kwa mwenyewe. Ukichukua mnyama na kamba ya mtu, umechukua na bahati yake, na boma lake litabaki tupu. Mimi si mwizi."

Mwenye duka alituachamia mdomo sisi wote wawili. Kisha akauweka waya mikononi mwa Dalali kwa heshima, kama anayempa mtu mtoto. "Basi mzee, kamba hii nimekupa kwa moyo wangu. Lakini bila hii, huyu mnyama hatembei."

"Ukinipa mwenyewe, ni halali," Dalali akasema, akampa nyirinyiri kutoka kwenye dishi ili boma lake lisibaki tupu.

Ilibaki kuelekeza antena. Mwenye duka alikwisha kuondoka, na Dalali akaigeuza yenye mbavu moja kwa moja kuelekea Garbatulla, upande wa nyika, milima ikiwa mgongoni.

Mama yangu, aliyekuwa anatazama juu ya mabati, hakuvumilia. "Mzee Dalali, si walikuambia milimani? Geuza huku kwetu Meru!"

"Mama, vitu vizuri vyote vya maisha yangu vimetoka Garbatulla. Ng'ombe, maziwa, hata huyu mwanamke. Kwenu huko hutoka miraa tu."

"Miraa na picha! Geuza!"

Akageuza kidogo, kwa kinyongo. "Sasa?" akaita.

Nilikuwa ndani, mbele ya runinga, na kazi yangu ilikuwa kujibu. Lakini sauti yangu ni ndogo, haikufika nje. Akko akanitazama nikihangaika. Mwishowe akajibu mwenyewe, bila kugeuza kichwa: "Bado!"

"Sasa?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Imekuja! Imekwenda! Jarsa, umeipitisha! Rudisha!"

"Nirudishe wapi?"

"Ulipotoka!"

Picha ikaja. Ilikuwa tamthilia ile ile, na mwanamke wake muovu alikuwa amekaa kwenye kochi akinywa juisi. Dalali akaachia mlingoti aje aone, na picha ikapotea. Akaushika, ikarudi. Akaachia, ikapotea. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza na mti ulikuwa unajizungusha. Hakukuwa na kamba karibu. Basi mzee aliyemchukia mgeni yule kuliko wote akasimama nje juani, amekumbatia mlingoti, shali inampiga usoni, akisikia sauti bila kuona kitu.

"Wanasema nini?" akaita.

"Anasema atamwacha bwana yake!"

"Kwa nini?"

"Hamsikilizi!"

"Mwambie asubiri! Labda bwana ameshika kitu!"

Kikohozi kikaanza. Nilidhani Akko amepaliwa. Kisha kikapanda, kikatoka dirishani, kikaruka mabati, na kule jikoni mama yangu akaanza kucheka, safari hii akijua sababu. Akko alicheka mpaka akashika nyonga, akalalamika nyonga, akacheka tena. Nilitazama nje. Dalali hakuwa anacheka. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mlingoti, macho amefumba, na hakuachia hata tamthilia ilipokwisha.

Baadaye nilimletea kamba, akaufunga mlingoti kwenye nguzo ya nyumba. Nilikuwa karibu nikaliona fundo. Lilikuwa fundo la ndama. Nilishangaa, maana hata sukari aliifunga kwa la fahali, na upepo wetu unang'oa mabati. Lakini mimi si mtu wa kuuliza.

Sasa nafanya kazi Ngaremara, kando ya barabara kuu, kwenye kibanda cha kuziba pancha. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani alasiri moja. Kabla sijafika kwa mama nilisikia kutoka uani kwao:

"Sasa?"

"Bado! Jarsa, huyu mwanamke yuko karibu kufukuzwa, na wewe unanifungia macho!"

Nikaingia taratibu kwa lango. Dalali alikuwa amesimama kando ya dirisha. Ndevu alikuwa amezipaka hina upya, na magoti yalikuwa yamepinda zaidi. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mlingoti, na wa pili umeshika ncha ya kamba. Hakuniona. Aliusukuma mlingoti mahali pake, na kupitia dirishani nikaona picha ikitulia, safi, hakuna hata doa moja.

"Hapo! Usiguse tena!" Akko akaita.

Akafunga fundo. Akangoja kidogo, akisikiliza kimya cha ndani. Upepo haukuwepo, hata majani hayakutikisika. Kisha akavuta ncha, fundo likaachia, akausukuma mlingoti kidogo tu kwa kidole, kuelekea Garbatulla.

"Jarsa!" nyumba ikapiga kelele. "Imekwenda tena! Wewe unafunga kamba au unafunga ugali?"

"Ni upepo!"

"Upepo gani? Upepo unaitwa Dalali!"

Na kikohozi kile kikaanza kupanda.

Aligeuka akanikuta nimesimama pale, nimeona yote. Tulitazamana. Alinyoosha mkono wake uliofunikwa, akauvuta wangu ndani ya shali, na kule gizani hakubana kidole chochote. Aliukamata mkono mzima, akautikisa mara moja, kwa nguvu.

Kisha akainua uso kuelekea dirishani na kuita, "Sasa?"